Mchwa wa Meno

Ncha ya sindano ilitakiwa kugonga. Badala yake ilizama.

Eliakunda aliivuta taratibu, akaifuta kwa pamba, akajaribu jino la jirani. Ikazama vilevile, kama anachoma ndizi iliyoiva. Mtoto aliyekuwa kitini, Nuruana, msichana wa miaka minane mwenye kelele za watu watatu, alikuwa ameachama huku akihesabu vigae vya dari kwa macho. Hakushtuka hata kidogo, wala hakusikia maumivu, na hilo ndilo lililomtisha Eliakunda.

"Nifunge, dada?"

"Funga. Leo umekula nini?"

"Uji. Kila siku uji. Muwa nitakula lini?"

"Bado kidogo."

"Jana ulisema kesho."

"Basi kesho imechelewa njiani. Nenda, mwite mwenzako."

Alimwita wa pili, wa tatu, wa nne. Kwa wote sindano ilizama. Wa tano hakumwita. Alifunga mlango, akaketi kwenye kiti kilekile cha wagonjwa.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya kumi. Siku ya kumi jino linatakiwa lilie kama kigae linapogongwa.

Watu wa Magadini wakienda mjini hawaulizwi wametoka wapi. Wakicheka tu, wamejulikana. Maji ya mlimani hushuka na floraidi nyingi, na magadi wanayopikia maharage yanaongeza yake, hivyo meno ya ukubwani huota yakiwa na rangi ya chai, yamejaa vishimo, mengine yakimeguka kabla mwenyewe hajaoa. Vizazi kwa vizazi watu wa huku wamejifunza kucheka kiganja kikiwa mdomoni. Kituo cha meno kilijengwa hapa ili mikono hiyo ishuke.

Kazi yenyewe ilifanana na upishi, na waliokuwa wakiifanya walijiita wapishi. Jino hujengwa na mafundi wa aina mbili. Mafundi wa ndani, wa dentini, husuka wavu wa kolajeni. Madini hunasa kwenye wavu huo, na wavu unabaki humo maisha yote. Mafundi wa nje, wa enameli, hufanya kinyume. Wao huanza kwa kumwaga protini laini, amelojenini na ndugu zake, inayoshikilia fuwele changa za madini zisimame wima bila kugusana, kama mbao za fundi ujenzi zinavyoshikilia zege. Zege likianza kushika, mbao lazima zitoke. Basi hapo huja kimeng'enya cha kuzila mbao hizo mpaka ziishe, na kila upenyo unaobaki hujazwa na fuwele zinazozidi kunenepa. Mbao zisipoliwa, jino linabaki jeupe, linapendeza kwa macho, na ni laini kama chaki iliyolowa. Mafundi wa nje wakimaliza kazi hufa wote. Hakuna mtu mzima aliyebakiwa na hata mmoja, ndiyo maana jino likitoboka haliponi kama kidonda.

Kituo kilikuwa kimegundua namna ya kuotesha mafundi hao upya na kuwapaka juu ya meno ya mtoto, wakaishi siku kumi na nne. Protini yao wapishi waliiita uji. Siku ya tano walidondoshea seli zinazotoa kile kimeng'enya cha kula, na kimeng'enya hicho, ambacho kwenye karatasi kina jina refu lenye namba katikati, waliita mchwa. Jina hilo alilitunga Eliakunda mwenyewe katika mwaka wake wa kwanza. Chumba kizima kilicheka, likashika.

Sasa watoto arobaini na mmoja walikuwa wamekwanguliwa tabaka la zamani, bovu lakini gumu, wakapakwa uji, na mchwa hawakuula. Siku ya kumi na nne mafundi wangekufa, na uji ungechujuka mdomoni, na watoto wangebaki na dentini tupu ikipigwa na kila baridi na kila tamu. Meno manane ya mbele kwa kila mtoto. Baada ya hapo ni kuoza.

Aliliendea jokofu, akalitoa boksi la mchwa. Kitufe cha joto kilichobandikwa ubavuni, ambacho siku zote ni cha kijani na hugeuka rangi boksi likipata joto, kilikuwa cheusi tii.

Mtunza stoo, Mzee Saitabau, alipoitwa alikuja akikung'uta vumbi mikononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepauka hivyo?"

"Hili boksi liliwahi kutoka kwenye jokofu?"

"Hilo la sumu?" Mzee alitabasamu, meno yake ya chai yote nje, maana mtu wa umri wake hana tena wa kumficha. "Ijumaa ile ulipokwenda harusini, nilikuwa nasafisha jokofu. Nikaona boksi limeandikwa MCHWA. Nikasema, ala! Hapa tunaweka dawa za watoto, nani tena kachanganya na dawa ya mchwa? Nikalipeleka stoo ya shamba, kwenye sumu zenzake. Jumapili jioni nesi akasema boksi la Eliakunda halionekani, nikalirudisha mezani kwako. Nilisoma mwenyewe, eti. Siku hizi sihitaji kusomewa."

Mzee Saitabau alijifunza kusoma akiwa na miaka sitini na mbili, kwenye darasa la watu wazima, akikaa dawati moja na mke wake. Kituo kizima kilijua, kwa sababu alisoma kwa sauti kila kilichopita mbele yake, hata vibandiko vya sabuni.

Stoo ya shamba ni ya mabati. Siku mbili na nusu, kwa jua la Magadini. Mchwa walikuwa wamekufa kabla tone la kwanza halijaingia mdomoni mwa mtoto yeyote, na Jumatatu Eliakunda alilikuta boksi mezani, akadhani nesi kamtolea, akashukuru, wala hakukitazama kitufe. Kanuni ilitaka jina kamili la dawa na mstari mwekundu wa kukataza kuiondoa baridini. Yeye aliandika neno moja kwa kalamu ya wino mzito, akicheka. Mdomo huponza kichwa, walisema wahenga. Kalamu hawakuitaja, labda kwa kuwa hawakuwa nayo.

"Nimekosea kitu, mwanangu?"

Alimweleza kilichokuwa ndani ya boksi, na kilichowapata watoto. Mzee alisikiliza akiwa amesimama, na uso wake ukaporomoka kidogo kidogo mpaka Eliakunda akatamani kuangalia pembeni.

"Labda nilisoma vibaya," alisema mzee. "Macho haya. Labda palikuwa na neno jingine, mimi nikaona mchwa."

Hapo ndipo pa kusema. Eliakunda alilivuta boksi karibu naye. Mzee alipoondoka ameinama, yeye alikibandua kibandiko chenye lile neno kwa kucha, akakikunja mara nne na kukitia mfukoni. Aliona haya wakati uleule anakikunja, na bado alikikunja.

*

Daktari Mrutu, mkuu wa kituo, alikuwa mtu wa kuuliza maswali mafupi.

"Chupa mama, ya mbegu?"

"Ilikuwa kwenye boksi hilohilo."

"Kuotesha kutoka mwanzo?"

"Wiki tatu. Na vituo vingine wana mchwa wa uji wao. Wa kwetu hawatauweza."

"Una siku nne."

"Najua."

Njia moja ilibaki, na wote wawili waliijua, na kila mmoja alimngoja mwenzake aitaje. Seli zenye mchwa walio hai zipo katika jino lolote linaloiva ndani ya ufizi. Ukizipata leo, siku ya tatu zimeongezeka za kutosha watoto wote. Lakini mtoto mkubwa wa Magadini hafai, maana floraidi ya maji haya huwalevya mchwa, wanakula nusu na kulala. Ndiko huko huko uchai wa meno unakotoka. Alihitajika mtoto mchanga ambaye hajayaonja maji ya hapa, na kutoka kwake lichukuliwe jino changa la chonge, likiwa bado laini.

"Unaelewa unachotaka nikifanye?" Eliakunda aliuliza.

Daktari alimtazama mdomo, kisha akaangalia mezani. Eliakunda hakuwa na chonge hata moja. Alipokuwa na miezi tisa alishikwa na homa na kuharisha, bibi yake akaona vivimbe vyeupe kwenye ufizi, akasema ni meno ya nailoni, na meno ya nailoni yasipotolewa mtoto anakufa. Akampeleka kwa mwanamke aliyekuwa akiyachokoa kwa spoku ya baiskeli. Homa ilipona, kama homa nyingi zinavyopona zenyewe. Chonge za ukubwani zilizokuwa zimelala chini hazikuota kamwe. Alikua akicheka kwa kiganja kuliko watu wote wa Magadini, na kwa sababu hiyo akasomea meno.

"Wewe hutumii spoku," alisema Daktari. "Una ganzi, una darubini."

"Kisu kikiteleza hata unene wa unywele, la chini nalo limekwenda. Usiniambie halitelezi."

Mlango uligongwa. Alikuwa Mzee Saitabau, kofia mkononi, na ilionekana amesimama nje muda wa kutosha kusikia.

"Mjukuu wangu ana miezi minane," alisema. "Ananyonya, na hata kauji kake kanapikwa kwa maji ya mvua. Mama yake ni mkali sana kwa hilo. Nimeharibu mimi, acheni nyumba yangu itengeneze. Nakwenda kumleta."

Hakungoja jibu. Daktari Mrutu alivuta pumzi ndefu, ya mtu aliyefunguliwa kamba.

"Amekuja kwa sababu anadhani kosa ni lake," alisema Eliakunda.

"Kwani si lake?"

Alitoa kibandiko mfukoni, akakikunjua mezani. Daktari alikisoma, akakisukuma kumrudishia kwa kidole kimoja.

"Mwambie Jumatano," alisema. "Mchwa wakishaingia midomoni mwa watoto, mwambie yote, piga magoti ukitaka, na mimi nitapiga nawe. Ukimwambia leo ataondoka na mjukuu wake. Ukweli wako utakusafisha wewe, na watoto arobaini na mmoja ndio watakaoulipia. Huo utakuwa uadilifu gani?"

Ubaya wa hoja ya Daktari ni kwamba ilikuwa nzuri. Eliakunda alikwenda kuchemsha vyombo, akijiambia Jumatano si mbali.

*

Namnyaki, binti wa Mzee Saitabau, aliingia na mtoto mgongoni na uso wa mtu aliyebishana njia nzima. Hakuketi alipokaribishwa. Baba yake alisimama nyuma yake, amekiminya kichwa mabegani.

"Wewe ndiye wa kumkata?"

"Ndiye mimi, Mama Sinyati."

"Nilipojifungua, nesi wa hapa alinikalisha saa nzima akinisomea. Usikubali mtu amguse mtoto ufizi. Hakuna meno ya nailoni, ni ujinga wa zamani. Shangazi yangu alipokuja na spoku yake nilimtoa mbio, mpaka leo hatusalimiani. Leo nyinyi ndio mnalitaka jino?"

"Ndiyo. Na nesi alisema kweli. Sinyati haumwi, jino hilo halimdhuru, na kulitoa hakumsaidii yeye chochote. Tunalitaka kwa ajili ya wengine."

"Na likiharibika la chini?"

"Linaweza kuharibika."

Namnyaki alimgeukia baba yake, na sauti ikashuka. "Tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. Anasema amekula meno ya watoto wa watu. Baba yangu hajawahi kuniomba kitu tangu nizaliwe." Alianza kuifungua mbeleko. "Nafanya kwa ajili yake. Usifikiri ni kwa ajili yenu."

Mtoto alishuka mikononi mwa mama yake, mnono, mwenye shingo ya mikunjo mitatu, akamtazama Eliakunda, akatabasamu kwa ufizi. Majuto ni mjukuu, husema watu, wakimaanisha huja nyuma. Mjukuu mwenyewe alikuwa huyu hapa mbele, anachekelea mkasi.

Eliakunda aliona Jumatano ikimfikia akiwa na vitu vyote viwili mkononi, meno ya watoto na siri yake, na akajua kwamba siku hiyo nayo angepata sababu nzuri ya kungoja Alhamisi.

"Mzee hajala meno ya mtu," alisema.

Alikitoa kibandiko, akakikunjua, akampa Mzee Saitabau.

"Kosa ni langu. Kanuni inataka niandike jina la dawa na mstari mwekundu. Niliandika neno la utani wetu. Jumatatu nilitakiwa kukitazama kitufe cha joto, sikukitazama. Halafu asubuhi nilikibandua nikakificha, wewe ukiendelea kudhani umekosea. Soma, mzee."

Mzee Saitabau alikipeleka kibandiko dirishani. Midomo yake ilichezacheza, herufi moja baada ya nyingine. Maji ya vyombo yalikuwa bado yakitokota.

"M-chwa," alisoma. Akarudia. Kisha akamgeukia Eliakunda, na machoni pake hapakuwa na hasira bado, palikuwa na kitu kibaya zaidi kukitazama. "Kwa hiyo nilisoma sawasawa?"

"Ulisoma sawasawa, mzee."

"Nilisoma sawasawa," alimwambia binti yake, na machozi yakamtoka.

Namnyaki alimfunga tena mtoto mgongoni. Alimsogelea Eliakunda karibu sana.

"Ungemkata," alisema. "Ungemkata mwanangu huku baba yangu anajilaumu, na wewe una karatasi mfukoni."

"Ndiyo."

"Mbwa wewe."

Alitoka, na baba yake akamfuata. Daktari Mrutu, aliyekuwa koridoni, alikuwa amesikia yote. Aliingia, akaangalia vyombo vilivyokwisha kupangwa, akaangalia saa, akaenda dirishani. Eliakunda alibaki amesimama. Alingoja ajisikie mwepesi, kama watu wanavyosema mtu hujisikia akisema kweli. Wepesi haukuja.

Nje, Namnyaki alikuwa akiukata uwanja kwenda getini. Watoto walikuwa wametoka kunywa uji wao wa saa tisa, wametapakaa chini ya paa la turubai, wakicheka kwa sababu wametimiza siku kumi na bado hawajazoea kuwa na vinywa vya kuonyesha. Nuruana alimwona mtoto mgongoni akamkimbilia, bila haya kama kawaida yake. Akachuchumaa, akaruka, akamtolea Sinyati meno yote manane, meupe, laini, karibu na uso kabisa. Sinyati akapasuka kwa kicheko. Wenzake wakaja nao kumtolea meno, mpaka Namnyaki akawa amezingirwa na hawezi kupita bila kumkanyaga mtu.

Eliakunda hakumwona uso. Alimwona tu akimwinamia Nuruana, akimuuliza kitu, na Nuruana akijibu huku anajigusa jino kwa ncha ya ulimi.

Namnyaki aligeuka, akarudi. Uso alioingia nao haukuwa umelainika hata kidogo.

"Nina swali moja. Ukinidanganya nitajua," alisema. "Angekuwa wako. Ungetoa?"

Eliakunda alimsikia Daktari Mrutu nyuma yake akiacha kupumua. Jibu la kusaidia watoto lilikuwa jepesi, neno moja tu. Alijaribu kumfikiria mtoto ambaye hakuwa naye, mwenye shingo ya mikunjo mitatu, na mtu wa kigeni mwenye kisu akimwinamia.

"Nisingetoa," alisema. "Ningekimbia naye."

Namnyaki alianza kuifungua mbeleko.

"Ungesema ungetoa, ningeondoka," alisema. "Mtu anayeona ni jambo dogo simpi mwanangu." Akaketi kitini, akamlaza Sinyati mapajani, akamshika kichwa kwa viganja viwili. "Fanya. Upesi, kabla sijapata akili."

Ganzi iliingia, na Sinyati akalia, kwa mshangao zaidi kuliko maumivu. Kupitia darubini ufizi ulikuwa uwanja mkubwa wa waridi. Eliakunda alikata mstari usiozidi punje ya mchele. Likatokea jino, na akaelewa kwa mara ya kwanza wale wanawake wa spoku walikuwa wakiona nini: kitu cheupe, chenye kuteleza, kinachobonyea, ambacho hakifanani kabisa na jino. Aliendelea kushuka, kidogo, kidogo zaidi, akizunguka, na chini ya ncha ya kisu kulikuwa na kivuli cha la pili lililolala, karibu kuliko alivyotarajia. Jasho lilimwingia jichoni, asilipanguse. Kisu kilitetemeka mara moja. Alikiacha kitulie, akamaliza.

Je, kilikigusa kile kivuli? Alitazama tena na tena, damu ikifunika. Hakujua. Ingechukua miaka kumi kujua.

"Limetoka," alisema. "La chini sina uhakika nalo. Sikulikata, lakini huenda nimeligusa. Siwezi kukuambia zaidi ya hapo."

Namnyaki alimpa mtoto titi, ingawa mtoto alilisukuma na kuendelea kulia. Aliomba kuliona jino. Eliakunda alimwinamishia kibakuli.

"Dogo hivi?"

"Dogo hivyo. Ahsante, Mama Sinyati. Sijui nikushukuru kwa—"

"Usinishukuru." Hakupandisha sauti. "Huyu ataota meno, au hataota. Ataanza kujitazama kwenye kioo, na siku moja atauliza. Siku hiyo nitakuita, popote ulipo, na utakuja nyumbani kwangu, uketi mbele yake, umweleze wewe. Si mimi, wala si babu yake. Na hutamwambia habari ya watoto arobaini na mmoja kwanza. Utaanza na kwamba hakuulizwa."

"Nitakuja," alisema Eliakunda.

"Haya, nenda. Wanakusubiri."

Alikifunika kibakuli kwa kiganja na kushuka ngazi mbio kwenda chumba cha kuoteshea, huku kilio cha Sinyati kikimfuata koridoni.